Likigonga mtu, nani atashuka?

Kimya changu cha wiki kadhaa kisiwatie wasiwasi. Ni zamu za usiku tu, pamoja na joto la hapa Phoenix ambalo kiangazi hupita nyuzi 43, hata mtoto wa Tanga kama mimi nasalimu amri. Nipo mzima, nakula, nalala mchana kama popo. Namshukuru Mungu.

Leo nina habari ndefu kidogo, kwa hiyo tafuteni chai kwanza. Chanzo chake ni Mama.

Siku moja nimetoka kazini saa moja na nusu asubuhi, huko Tanga ni saa kumi na moja na nusu jioni, Mama kanipigia simu ya video. Nikapokea nikiwa ndani ya teksi. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, tukaulizana habari za wagonjwa wangu na za presha yake. Halafu nikasema ngoja nimuonyeshe maajabu. Nikageuza simu kuelekea mbele. Kiti cha dereva kitupu, usukani unazunguka wenyewe, gari linakata kona taratibu kama la bwana harusi.

Mama akanyamaza. Kisha akauliza, "Sasa wewe ukipanda hapo unamsalimia nani?"

Nilicheka mpaka machozi. Lakini Mama hakucheka. Akauliza la pili: "Na likigonga mtu, nani atashuka?"

Nikaanza kumweleza habari za kamera na kompyuta, nikajikuta najing'ata ulimi. Sikuwa na jibu. Ninyi wa kwetu mnajua kwa nini Mama, kati ya watu wote, anauliza swali hilo. Wengine nitawaeleza mwishoni. Tangu siku ile nimekuwa nikisoma historia ya jambo hili kila nikipata nafasi, na nimegundua kwamba swali la Mama lina umri wa zaidi ya miaka mia moja. Limeulizwa kwa Kiingereza, likaulizwa mahakamani, likaulizwa kwa mawe na kwa moto. Basi twende pamoja.

Kwanza nieleze kidogo hizi gari zenyewe kwa ambao hawajaziona. Kampuni inayozimiliki hapa inaitwa Waymo, ndugu yake Google. Unaliita kwa simu, linakuja gari jeupe lenye kitu kama chungu kinachozunguka juu ya paa, na vingine vidogo pembeni. Hivyo ndivyo macho yake. Unafungua mlango kwa simu, unakaa, sauti ya kike inakukumbusha mkanda, linaondoka. Halipigi honi ovyo, halitukani, halisimami kuongeza abiria. Dakika tano za kwanza unashika kiti kwa mikono miwili. Safari ya tatu unasinzia. Ndivyo tulivyo binadamu.

Sasa historia. Wengi tunadhani watu wa kale walilipokea gari kwa vigelegele. Si kweli. Uingereza mwaka 1865 walitunga sheria kwamba chombo chochote kinachojiendesha barabarani kwa mtambo, enzi hizo ni mitambo ya mvuke, kiwe na watu watatu, na mmoja wao atembee mbele umbali wa yadi 60, kama mita 55 hivi, akiwa na bendera nyekundu! Mwendo usizidi maili 4 kwa saa mashambani na maili 2 mjini. Maili 2 kwa saa, jamani, hata bibi aliyebeba kuni anakupita. Masharti ya bendera yalilegezwa mwaka 1878, lakini sheria za mwendo wa kinyonga ziliendelea mpaka Novemba 1896, ndipo zikaruhusu maili 14 kwa saa.

Mwaka huo huo wa 1896, tarehe 17 Agosti, mama mmoja aitwaye Bridget Driscoll alikuwa akitembea kwenye viwanja vya Crystal Palace, London, pamoja na binti yake. Kulikuwa na kampuni inayoonyesha magari na kuwapandisha watu wajionee. Gari moja likamgonga, akafa pale pale. Anakumbukwa kama mtembea kwa miguu wa kwanza Uingereza kuuawa na gari la petroli. Kukafanyika uchunguzi, dereva akasema alikuwa akienda maili 4 tu kwa saa, mashahidi wengine wakasema alikuwa anakimbiza. Uamuzi ukatoka: kifo cha ajali. Hakuna aliyeshtakiwa.

Nimelisoma hilo nikajiuliza, hivi yule binti aliyekuwa pembeni ya mama yake aliambiwa nini siku ile? Mimi kazi yangu ni kukaa na ndugu wa wagonjwa usiku wa manane, najua neno "ajali" huwa halimtoshi mtu.

Tuvuke bahari tuje huku Marekani. Miaka ya 1920 magari yalikuwa yameshajaa mijini, na watu walikuwa wakifa kwa maelfu, wengi wao watoto. Tukumbuke kabla ya hapo barabara ilikuwa ya wote. Watoto walichezea humo, wachuuzi waliuzia humo, watu walikatiza popote, kama Ngamiani siku ya gulio. Gari lilipoua mtoto, hasira yote ilimwangukia dereva. Magazeti yalichora magari kama mazimwi.

Mwaka 1923, katika mji wa Cincinnati, zaidi ya watu 42,000 walitia saini wakitaka kila gari lifungwe kifaa cha kulizuia lisipite maili 25 kwa saa, yaani kilomita 40. Fikirieni hilo, miaka mingi kabla ya vidhibiti mwendo vya mabasi yetu. Wafanyabiashara wa magari wakaingiwa na hofu kubwa. Wakamwaga fedha kwenye kampeni, na Novemba mwaka huo wapiga kura wakalikataa pendekezo.

Lakini somo walilipata. Wakaona ni lazima lawama ihame kutoka kwa mwenye gari iende kwa mwenye miguu. Kulikuwa na neno la kejeli, "jaywalker". Neno "jay" katika Kiingereza cha mitaani cha enzi hizo lilimaanisha mshamba, mtu wa kuja, asiyejua mji. Kwa hiyo anayekatiza barabara ovyo akaitwa mshamba wa kutembea. Vyama vya magari vikalitangaza neno hilo shuleni na magazetini, watu wakaanza kuchekwa barabarani, na miji ikatunga sheria. Los Angeles walitunga ya kwao mwaka 1925, na miji mingine ikafuata. Ndani ya miaka kama kumi hivi, barabara ikabadilika mwenyewe. Ikawa mali ya gari, na mwenye miguu akawa mgeni anayeombwa apite kwenye zebra. Mwanahistoria Peter Norton ameyaeleza vizuri haya katika kitabu chake Fighting Traffic cha mwaka 2008.

Naomba mlishike neno hilo, mshamba wa kutembea. Tutakutana nalo tena, na safari hii limo ndani ya kompyuta.

Kabla ya hapo niwape kisa cha lifti, maana kila nikizungumza na watu wa hapa kuhusu magari haya, kuna mmoja atakayesema, "Hata lifti watu waliiogopa." Ni kweli. Zamani lifti ilikuwa na dereva wake, amevaa sare, anakuuliza ghorofa ya ngapi. Lifti za kujiendesha zilikuwepo tangu mwanzoni mwa karne ya 20 lakini watu walikuwa wakiingia, wakikuta hakuna mtu, wanatoka. Septemba 1945 madereva wa lifti, walinzi wa milango na wenzao wa New York wapatao 15,000 waligoma. Mji ule wa maghorofa ukasimama. Wenye majengo wakaona kumbe tunashikwa koo na watu hawa. Baada ya hapo lifti zisizo na dereva zikaanza kusukumwa kwa nguvu, zikawekwa kitufe chekundu cha kusimamisha, simu ya kuomba msaada, sauti ya upole ya kuwatuliza abiria. Hofu ikaisha polepole. Leo nani anamuuliza dereva wa lifti?

Wanaotoa mfano huu hupenda kuishia hapo. Mimi nilimsimulia jirani yangu, Mkongo wa Uvira, aliyefika hapa kwa njia ya ukimbizi akiwa na mke na watoto wanne. Mchana anapakia maghala, kwa lugha yetu anabeba boksi, jioni anabeba abiria kwa gari lake. Aliposikia habari ya lifti akaniuliza, "Na wale watu elfu kumi na tano walienda wapi?" Nikakaa kimya. Akaendelea: "Dada, ile motokari haili, hailipi nyumba, na bado inataka kazi yangu."

Basi, tuje kwenye magari yenyewe. Baba yao ni jeshi. Bunge la Marekani liliagiza kwamba ifikapo 2015 theluthi ya magari ya vita ya nchi kavu yawe hayana mtu ndani, na ili kuchochea wataalamu, mwaka 2004 idara ya utafiti ya jeshi ikaandaa mashindano katika jangwa la Mojave. Yakaingia magari 15. Lililofika mbali zaidi lilikwenda maili 7 na kidogo, likakwama. Hakuna aliyepata zawadi. Mwaka 2005 wakarudia, na gari la Chuo Kikuu cha Stanford likamaliza njia yote ya maili 132 likazoa dola milioni 2. Mwaka 2009 Google wakaanzisha mradi wao kwa siri, na mwishoni mwa 2016 ukawa kampuni kamili, ndiyo hii Waymo.

Kwa nini Arizona? Hapa barabara ni pana na zimenyooka, mvua ni ya kuhesabu, na wakubwa walifungua mlango. Agosti 2015 gavana wa wakati huo, Doug Ducey, alitia saini amri ya kuyakaribisha majaribio. Desemba 2016 Uber walinyang'anywa usajili wa magari yao 16 ya majaribio huko California kwa kukosa kibali. Wakayapakia kwenye lori, wakayaleta huku. Tukawa kama uwanja wa mazoezi, na hakuna aliyepita nyumba kwa nyumba kutuuliza.

Usiku wa tarehe 18 Machi 2018, katika mji wa Tempe, jirani kabisa na Phoenix, mama mmoja wa miaka 49 alikuwa akivuka barabara akikokota baiskeli. Hakuwa kwenye zebra. Gari la majaribio la Uber likamgonga akafariki. Ndani ya gari kulikuwa na mfanyakazi aliyewekwa kuliangalia, lakini macho yake yalikuwa kwenye simu, anatazama kipindi cha televisheni. Jina la marehemu liliandikwa dunia nzima, mimi hapa nitamwita mama wa baiskeli.

Taasisi ya taifa ya uchunguzi wa ajali ilitoa matokeo Novemba 2019. Nimeyasoma kwa moyo mzito. Vihisi vya gari vilimwona sekunde 5.6 kabla ya kumgonga. Kwa sekunde hizo mimi nashika mshipa wa mgonjwa, nahesabu mapigo. Gari lilimwona, ila halikujua ni nani. Mara kitu kisichojulikana, mara gari, mara baiskeli, na kila likibadili mawazo linaanza upya kukadiria anaelekea wapi. Sababu mojawapo ndiyo iliyonifanya niandike makala hii: programu ile haikutengenezwa kufikiria kwamba mtu anaweza kuvuka barabara mahali pasipo na zebra.

Mmeliona? Yule mshamba wa kutembea wa miaka ya 1920! Walianza kwa kumcheka, wakamtungia sheria, na karibu miaka mia baadaye mashine ikaletwa duniani ambayo haikumwekea hata nafasi. Nadhani watu walioandika programu ile hawakuwa na ubaya. Walikuwa wamezaliwa katika nchi ambayo barabara ilishakuwa ya magari, wakaliona jambo hilo ni la kawaida kama jua kuchomoza.

Na nani alishuka? Waendesha mashtaka walisema mwaka 2019 kwamba hawana msingi wa kuishtaki kampuni kwa jinai. Mfanyakazi yule wa kwenye kiti alishtakiwa mwaka 2020, akakiri kosa Julai 2023, akapewa kifungo cha nje chini ya uangalizi cha miaka mitatu. Alikosea, sikatai. Lakini katika gari lililojengwa na mamia ya wasomi, aliyeshuka ni kibarua mmoja wa usiku.

Wananchi wa hapa nao walikuwa wameanza kujibu kwa namna yao. Katika mji wa Chandler, ambako Waymo walianzia, ilipofika mwisho wa 2018 yalikuwa yameripotiwa matukio yasiyopungua 21 katika muda wa miaka miwili. Watu walirusha mawe, walichana matairi, mmoja alitoka na bastola. Kura za maoni zilizofanywa na AAA, chama cha wenye magari, mwanzoni mwa 2018 zilionyesha asilimia 63 ya madereva wa Marekani wanaogopa kupanda gari la kujiendesha. Baada ya kifo cha Tempe ikapanda hadi asilimia 73. Mwaka 2025 ilikuwa asilimia 61, na waliosema wanayaamini ni asilimia 13 tu. Kwa hiyo msidhani Mama yuko peke yake kule Tanga. Yuko pamoja na Wamarekani wengi.

Kisa kingine ni cha San Francisco, nacho ndicho kinachonisumbua zaidi kama nesi. Usiku wa tarehe 2 Oktoba 2023 mwanamke mmoja alikuwa akivuka barabara, akagongwa na gari linaloendeshwa na mtu wa kawaida. Akarushwa hadi njia ya pili, mbele ya teksi isiyo na dereva ya kampuni ya Cruise. Ikafunga breki, ikamgonga, ikasimama. Halafu, kwa kuwa ilikuwa imefundishwa kwamba baada ya ajali usizibe njia, ikaanza kusogea pembeni, ikamburuta karibu mita 6 akiwa chini yake. Alijeruhiwa vibaya lakini alipona.

Sasa pimeni wenyewe. Yule dereva binadamu alijua amegonga mtu, akakimbia. Ile mashine haikukimbia, lakini haikujua kwamba mtu yuko chini yake. Mwenye macho alikimbia, na aliyebaki hakuwa na macho ya chini. Kampuni nayo haikuwaeleza wakubwa habari ya kuburutwa kama ilivyotakiwa, leseni yao ikasimamishwa tarehe 24 Oktoba. Novemba 2024 ikakubali kulipa faini ya dola 500,000 kwa kutoa ripoti ya uongo, na mwezi uliofuata General Motors, wenye kampuni, wakatangaza kuacha biashara hiyo ya teksi.

Februari 2024, mji huo huo, kundi la watu lilizingira teksi ya Waymo mtaa wa Wachina wakati wa sherehe za mwaka mpya, wakaipiga na kuichoma moto. Haikuwa na abiria. Nyingine zilichomwa Los Angeles Juni 2025 wakati wa maandamano. Nyumbani tungesema ni wahuni, na wahuni walikuwepo. Ila mtu akishindwa kumpata wa kumlaumu, hulipiga lile gari lenyewe. Gari halina uso wa kuonea haya.

Hata trafiki wanahangaika. Septemba 2025 polisi wa mji wa San Bruno, California, waliisimamisha teksi ya Waymo iliyogeuza gari mahali pasiporuhusiwa. Wakachungulia, hakuna mtu. Fomu ya faini ina nafasi ya jina la dereva, haina nafasi ya roboti. Ikabidi waiache iende, wakawasiliana na kampuni. Nikiwaza trafiki wetu wa pale Segera nacheka peke yangu. Wangemwambia nani "shuka na leseni"?

Baada ya kusema hayo, lazima niwe mkweli kwenu upande wa pili pia, maana mimi siandiki haya nikiwa kijiweni. Nayaandika nikiwa nimetoka wodini.

Mwaka 2023 watu 40,901 walikufa barabarani hapa Marekani, na karibu wote waliuawa na magari yenye madereva wazima, wenye macho mawili. Nawapokea usiku. Kijana aliyekunywa, mzee aliyechanganya mafuta na breki, dada aliyekuwa anajibu ujumbe. Na mimi mwenyewe, nikiri leo hadharani. Mwaka wangu wa pili hapa nilitoka zamu ya tatu mfululizo, nikashtuka gari langu liko njia ya pembeni na sikumbuki nilivyofika huko. Hakukuwa na mtu barabarani. Angekuwepo, leo habari hii ningekuwa naiandika kwa namna nyingine, au nisingeiandika kabisa. Tangu hapo, nikitoka zamu nzito, siendeshi.

Waymo wenyewe wamechapisha hesabu ya maili milioni 56.7 zilizokwenda bila dereva hadi Januari 2025, wakasema ajali za kuwajeruhi watembea kwa miguu zilikuwa pungufu kwa asilimia 92 ukilinganisha na madereva wa kawaida katika maeneo hayo hayo. Hesabu ni ya mwenye duka, lakini hata ukiipunguza nusu bado ni watu ambao hawakuletwa kwangu kwa machela. Wakati huo huo, Desemba 2025 kampuni hiyo ililazimika kuirekebisha programu yake kwa sababu magari yalikuwa yakiyapita mabasi ya shule yaliyosimama kushusha watoto. Maana yake bado linajifunza, na linajifunzia kwetu.

Shirika la Afya Duniani linasema watu wapatao milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka, na zaidi ya 9 kati ya kila 10 ni wa nchi kama zetu. Kwa hiyo siwezi kuichekea mashine inayoweza kupunguza hilo. Na siwezi kumcheka Mama.

Sasa niwaeleze wale wasiojua. Marehemu Baba alikuwa dereva wa basi, Tanga kwenda Moshi. Mwaka 1998, nikiwa darasa la pili, nilikuwa naye safarini likizo, nimekaa kwenye boneti pembeni yake. Kati ya Hedaru na Makanya mtoto wa kiume akatoka vichakani akimfukuza mbuzi. Baba alikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Haikutosha.

Konda akapiga kelele, "Mzee kanyaga, twende, watatuua!" Na abiria wengine wakasema hivyo hivyo, maana mnajua dereva anavyofanywa akishikwa na wananchi wenye hasira. Watu walikuwa wameshaanza kukimbia kutoka mashambani na majembe. Baba akazima gari. Akashuka akiwa amenyanyua mikono juu. Akapigwa makofi mawili matatu, hakujibu. Akamwinua yule mtoto, akampandisha kwenye basi pamoja na mama yake, tukaenda moja kwa moja hospitali ya Same. Alikaa nje ya wodi mpaka alfajiri. Kila alipopita Makanya baada ya hapo alisimama dakika tano, na dakika hizo abiria walilalamika miaka yote.

Mtoto yule alipona, akabaki anachechemea. Mlimwona mwaka 2011 msibani kwetu, yule kijana aliyekaa mwisho kabisa wa turubai, aliyesafiri usiku kucha kuja kumzika dereva aliyemgonga.

Kwa hiyo Mama akiuliza nani atashuka, anajua anachouliza.

Mama, jibu langu ni hili. Gari lile halitashuka. Hata kwenye magari yenye watu, waliokuwa wakishuka kwa hiari yao kama Baba ni wachache, ndiyo maana yule wa San Francisco alikimbia. Katika historia yote hii niliyoisoma, wengine wote ilibidi washushwe. Wananchi wa Cincinnati walijaribu wakashindwa. Mahakama ilimshusha kibarua mmoja ikamwacha tajiri. California walimshusha tajiri mmoja, walau mara moja. Uingereza, wale wale wa bendera nyekundu, Mei 2024 wamepitisha sheria inayosema gari likiwa linajiendesha lenyewe, wa kujibu kuhusu uendeshaji ni kampuni iliyoidhinishwa, na aliyekaa ndani hashtakiwi kwa hilo. Imewachukua miaka 128 tangu Bridget Driscoll. Ni mwanzo mzuri. Na magari haya yakifika kwetu siku moja, tusiulize kwanza yana kamera ngapi. Tuulize lile la Mama, tupate jina la mtu na anwani yake, kabla hayajawasha taa.

Mimi nitaendelea kuyapanda nikitoka zamu ya usiku, kwa ajili ya mtu ambaye sikumgonga asubuhi ile. Na la kwanza nalo nimelipatia ufumbuzi: nikiingia nasema "shikamoo" kwa sauti. Sauti ya kike inanijibu nifunge mkanda.

Haya wadau, chai imeshapoa. Wasalimieni wote. Mama, dawa ya presha ni kila siku, hata siku unayojisikia vizuri. Tuonane tena hapa kibarazani zamu zikiruhusu.